Viungo Visivyocheza

Mwaka 1974 Asukile alikuwa fundi chuma wa Mwanjelwa, Mbeya, mtu wa miaka hamsini na mmoja ambaye viganja vyake vilikwisha kukakamaa kwa nyundo. Mwalimu Philbert, wa sekondari moja kule Iringa, alimwagiza fremu ya kubebea darubini ya nyota: ikunjwe, ipakiwe kwenye lori, ikakunjuliwe katika shule za vijijini. Miguu mitatu, bawaba tatu. Asukile aliiona kazi ya wiki moja.

Ikamla miezi saba.

Fremu ya kwanza ilifika Iringa imelegea. Mpaka kufika Nyololo, njiani, lori lilikuwa limeshaitikisa vya kutosha. Ya pili akaikaza boliti hadi bawaba zikawa zinakunjika kwa shida. Uwanjani Kihesa, pale Iringa, Mwalimu aliielekeza darubini kwenye jiwe jeupe la kilima cha mbali, akaikunja fremu, akaikunjua. Jiwe lilikuwa limekimbilia ukingoni mwa kioo.

"Hapa imehama unene wa njiti ya kiberiti tu, fundi," alisema kwa upole. "Ila kule kilimani, njiti hiyo ni upana wa nyumba."

Asukile akarudi Mbeya na chuma chake, mgongo unamuuma.

"Baba Anyitike, mrudishie mwalimu kazi yake," mkewe Marta alimwambia. "Umekwisha."

 Hata kukubali kulitaka nguvu. Alikaa jikoni akimtazama akiepua chungu na kukirudisha juu ya mafiga matatu. Kila mara chungu kilitulia, hakuna aliyekikaza.

Kesho yake akazilegeza bawaba, zibaki na kazi ya kukunja tu. Kwenye kila kiungo akapanga gololi tatu za beringi ya gari bovu, kila gololi na mfereji wake wa kukalia, kisha springi ya kuzivuta pande mbili zishikane zenyewe. Mifereji tisa, yote kwa tupa ya mkono. Ukiteleza kidogo, unaanza upya. Alianza upya mara nyingi asizozikumbuka, na jioni Marta ndiye aliyemkatia ugali, maana vidole havikufumba.

Iringa, Mwalimu aliikunja na kuikunjua mara kumi. Jiwe halikubanduka katikati ya kioo. Akawaita walimu wenzake, wakapiga makofi.

"Tazama mwenyewe, fundi!"

Asukile akainama. Aliliona jiwe, na ufa wake, na majani yaliyoota ufani. Alingoja furaha ije. Uliokuja ni usingizi.

"Sema neno, basi."

"Nipe mahali pa kulala, Mwalimu."

Alilala kwenye benchi la karakana ya shule mpaka siku ya pili. Alipoamka aliambiwa zinatakiwa fremu mbili zaidi. Akaitazama mikono yake, akaitikia kwa kichwa.

Alizitengeneza zote mbili. Zilimchukua mwaka mzima, na hakuna iliyorudishwa.