Rangi Nyekundu Mferejini Kibaoni

Mimi ni mhandisi mwenye shahada ya udaktari. Kazi yangu chuoni ni kuchunguza maji yanavyopita katika vijia vyembamba kuliko unywele. Kwa hiyo nilipokuwa likizo kijijini kwetu Kibaoni, maji yakaacha kufika kwenye jaruba la Mama Kabula na mpunga wake ukaanza kukauka, kamati ya mfereji iliniita mimi niamue. Wote walimshuku Mzee Masanja, mfugaji, kwamba anayachepusha kunywesha mifugo. Faini ya kuiba maji pale ni ng'ombe mmoja.

“Maji hayanifichi kitu,” niliwaambia, nikamwaga rangi nyekundu mferejini kama tufanyavyo maabarani. Tukaifuata, mimi mbele, nikitoa mhadhara ambao hakuna aliyeuomba. Rangi ikapita shamba la Masanja bila kugeuka. Mbele kidogo ikakuta mlango wa jaruba langu, niliouchimba upya wiki iliyotangulia kwa mahesabu yangu mwenyewe, ikaingia yote.

Mama Kabula akaliangalia jaruba lililokuwa jekundu.

“Daktari, hili si lako?”

Nikasema nahitaji kurudia vipimo.

“Rudia tu, mwanangu,” akasema Masanja. “Ila ng'ombe unaye?”