Posa ya Dakika ya Nne

Mtandao haukukatika. Nilikata mimi, kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, nikiwa nimesimama karibu na dirisha la ofisi ya walimu huko Mombasa, penye mwanga wa kutosha kuona kitufe ninachobonyeza. Kwa miaka mingi nimesema vingine. Nimesema katika arusi mbili na matanga ya shangazi yangu, na mara moja niliapa, jambo ambalo ningependa lisikumbukwe. Kwa sababu ya kukata simu ile posa yangu ilikubaliwa, na mtu mmoja asiye na kosa akabebeshwa lawama kuanzia Nguvumali mpaka Pangani. Ukweli niliwahi kumwambia yeye peke yake.

Utotoni mwangu Tanga, kupiga simu ilikuwa safari. Ulikwenda posta, ukaandika namba kwenye kikaratasi, ukakaa kwenye benchi mpaka karani akuite uingie kwenye kijumba. Nilisoma chuo kikuu katika miaka ya foleni, tulipopanga mstari kwa ajili ya sabuni bila kuwa na hakika kama mbele kuna sabuni. Kisha milango ikafunguliwa, kampuni binafsi zikaingia, na maduka yaliyokuwa yakiuza khanga yakaanza kuuza na vocha. Niliponunua simu yangu ya kwanza niliichukulia kama sehemu ya elimu yangu. Niliitoa mkobani hata ilipokuwa hailii.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipopata mkataba wa miaka miwili kufundisha chuo kimoja Mombasa. Wenzangu walinishauri ninunue laini ya Kenya. Sikununua. Mwenye laini ya Kenya amehamia Kenya. Mwenye laini ya nyumbani yuko safarini tu. Mama aliwaambia majirani wa Nguvumali kuwa niko safarini, na mimi nilipenda kuwa safarini. Kampuni yangu ilikuwa na huduma ya kutumia laini ukiwa nchi ya nje, ukiweka dhamana na kutia saini karatasi ya masharti. Niliyasoma masharti yote, kwa kuwa nilikuwa na shahada.

Mawili ndiyo yanayohusika hapa. La kwanza: ukiwa nje, anayepigiwa simu analipa pia, tena ghali, na dakika ikishaanza inahesabiwa nzima. La pili waliliita matumizi ya haki. Laini ile ilikuwa kwa ajili ya mtu anayekwenda na kurudi. Ikikaa nje kuliko inavyokaa nyumbani, kampuni ingeihesabu kuwa imehama, na ingeifunga.

Sharti la kwanza sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Utamwambiaje mama yako kuwa salamu zake unauziwa kwa dakika? Kwake yeye ilikuwa simu ya mjini hapo hapo, namba ile ile ya siku zote. Alianza na afya yangu, akaingia kazini, akaja kwenye joto, kisha mvua, kisha hao ninaoishi nao, ambao hajawahi kuwaona. Kwa kila moja nilijibu salama. Halafu ilikuwa zamu yangu kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujibu salama tupu. Dakika tatu zilikuwa zikiisha tukiwa bado kwenye goti lake la kushoto, na habari yenyewe haijaanza.

Basi nikabuni mtandao mbaya. Dakika ya tatu ikikaribia kwisha nilianza, "Haloo? Haloo? Mama, sikusikii," nikaisogeza simu mbali na mdomo, nikabonyeza. Mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa Mombasa tuliyekaa meza moja, aliniangalia majuma kadhaa bila kusema kitu. Siku moja akasema, "Dada, huo mtandao wako una saa. Kila dakika tatu waharibika."

"Ni milima," nikamjibu.

"Milima? Mombasa hii?"

Simu ya posa ilikuja Ijumaa mchana, watu wakiwa wametoka msikitini. Alikuwa mama. Hakusalimu kwa urefu wake wa kawaida, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. "Ami yako yuko hapa," alisema. "Zungumza naye."

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu baba, na tangu baba alipofariki yeye ndiye walii wangu, mwenye haki ya kunioza. Anakaa Pangani, ng'ambo ya mto, na hapandi kivuko kwa jambo dogo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, marahaba binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Na hao unaoishi nao hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na wanafunzi wako?"

"Hawajambo, ami."

"Wote?"

"Wote." Walikuwa mia na ishirini.

"Alhamdulillahi. Haya, binti yangu. Hapa tuna wageni kutoka Amani, huko juu Usambara. Wamekuja na neno lako, neno la heri. Bwana mwenyewe yupo, ni mgane, anafanya kazi pale kituo cha utafiti, anachunguza magonjwa ya miti, mtu mtulivu. Wazee wamekaa, wanakusikiliza wewe. Wasemaje?"

Nilimsikia vizuri. Sijawahi kumsikia ami vizuri kama siku ile. Macho yangu yalikuwa kwenye saa ya mkononi, na mshale wa sekunde ulikuwa unamalizia dakika ya tatu. Nilikaa kimya kwa kadiri ya pumzi mbili. Hata "haloo" sikusema. Nikakata.

Baadaye nilijieleza kuwa ni mazoea, kwamba kidole kilikuwa kimeshajifunza. Lakini kidole hakisomi saa. Sikuwa na jibu, na kubonyeza kitufe kulikuwa kwepesi kuliko kumwambia mtu mzima mbele ya wageni, "Nipeni siku mbili." Dakika ya nne ilinipa sababu ambayo ningeweza hata kuiandikia risiti.

Nikasubiri wanipigie tena. Mimi mwenyewe sikupiga: kupiga kutoka nje kulikuwa ghali kuliko kupokea, na isitoshe kupiga kungekuwa ndiyo kujibu. Siku ile haikulia. Wala Jumamosi. Nikachukulia kuwa wageni wamekunywa chai yao wakaondoka, na jambo limepoa lenyewe. Hapo shahada haikunisaidia. Kila mtoto aliyepita madrasa ya mtaani kwetu anajua kuwa mwali haulizwi ili aseme ndiyo. Anaulizwa, ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Mimi nilisahau tu kwamba kwa hesabu za fikihi, na miaka yangu thelathini na minne na miwani yangu, nilikuwa bado mwali.

Juma la pili ukaja ujumbe wa kampuni. Laini yangu imekaa nje kuliko nyumbani. Nirudi, au huduma itafungwa. Haukuwa ujumbe wa kwanza, na nilikuwa na dawa yake. Jumamosi asubuhi nilipanda gari hadi mpakani, nikagongesha paspoti, nikavuka Horohoro. Pale pale mpakani simu ilikuwa haijui iko kwa nani. Hatua tano ilikuwa Kenya, hatua tatu imerudi Tanzania. Kwa hiyo niliendelea mbele mpaka Duga, nikakaa kwenye banda la chai, nikaiweka simu mezani ionekane na mnara wa nyumbani. Nilikunywa chai, nikala maandazi mawili, na baada ya saa chache ningerudi Mombasa nikiwa msafiri halali. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mara zote tatu sikwenda Tanga mjini, ambako mama alikuwa akinisubiri tangu Idi.

Hapo Duga nilikuwa nalipa bei ya nyumbani, basi nikampigia na nikamwacha asalimu mpaka achoke mwenyewe. Goti lilikuwa afadhali. Mvua haijanyesha. Jirani amepaka nyumba rangi ya kijani, rangi ya kutapisha. Kisha, kwa sauti ile ile ya goti na rangi, akasema, "Na mahari nayo imekwenda vizuri, hawakubishana."

"Mahari ya nani?"

"Yako."

"Mama, nani kakubali?"

"Wewe. Ulinyamaza."

"Simu ilikatika!"

"Ilikatika baada ya wewe kunyamaza. Ami yako alisubiri. Akasema, amenyamaza, alhamdulillahi, ikasomwa Fatiha. Alipotazama akaona simu imezimika, akasema hata simu imeona haya."

"Mama, mtandao ulikuwa mbaya."

"Mbona leo mzuri? Wasikika kama uko hapo sokoni. Kwani uko wapi?"

"Mombasa," nikasema. Mwenye banda alikuwa akimgombeza mtu kwa Kidigo karibu na sikio langu.

Mama akanyamaza kidogo. Sikuthubutu kuuliza maana ya kunyamaza kwake. "Wewe tangu mdogo kukataa hakukukushinda," akasema mwishowe. "Uji ulikataa, hijabu ulikataa, ualimu wa Korogwe ulikataa. Ungetaka kukataa na hili ungesema."

"Na nikisema sasa?"

"Sema. Lakini umwambie ami yako mwenyewe. Mwambie ulimkatia simu mbele ya wageni, akasoma Fatiha peke yake kama mwendawazimu. Mimi neno hilo simpelekei." Kisha, kama mtu anayekumbuka chumvi: "Bwana mwenyewe ameomba namba yako. Nimempa."

Nilirudi Mombasa. Nilichokuwa nacho mbele yangu kilikuwa ama kuolewa na mtu nisiyemjua, ama kumvunjia heshima mtu aliyenilea tangu baba alipofariki. Nilimwandikia ami barua mara tatu. Katika ya kwanza mtandao ulisumbua kidogo. Katika ya pili ulikatika kabisa. Katika ya tatu palikuwa na radi juu ya Usambara yote, nikaichana kwa sababu za kifasihi. Niliwaza pia kuolewa. Nasema kweli. Amani kuna baridi, kuna maktaba ya zamani, na mtu anayeshinda akitazama magonjwa ya miti huenda asiwe na haraka na mtu. Nimeona watu wakioana kwa sababu chache kuliko hizo.

Alinipigia Jumatano, saa nne, wakati wa mapumziko. Nilitoka nje ya ofisi, mbali na mwalimu wa hesabu.

"Assalaam alaykum. Ni mimi wa Amani." Sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea. "Niko huku juu kwenye mashamba ya chai. Hapa ndipo inaposhika, nikisogea inakufa. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sitakuweka sana. Nina swali moja. Siku ile barazani nilikaa ubavuni kwa ami yako, karibu na simu. Yeye alisema umenyamaza. Mimi nilisikia mlio ule wa simu kukatwa. Nikaona nisimwaibishe mzee mbele ya watu. Sasa nakuuliza wewe. Ulinyamaza au ulikata?"

Mtandao ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, pamoja na milima yake.

"Nilikata," nikasema.

"Kwa kuwa hunitaki?"

"Sikujui. Nilikata kwa kuwa dakika ilikuwa inakwisha. Nikiwa huku nalipa kwa kupokea."

Nilidhani atacheka, au ataudhika. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake. "Marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, naye walisema alinyamaza," alisema. "Tuliishi miaka tisa. Alikuwa mke mwema, hakuwahi kunilalamikia. Lakini sikuwahi kujua. Nilikuwa namtazama akipika nashindwa kumuuliza. Sitaki kuanza tena hivyo. Kwa hiyo niambie kwa mdomo. Wanitaka?"

"Hapana."

"Haya," alisema. Sauti haikubadilika. "Basi usimwambie ami yako kitu. Nitamwandikia mimi kwamba nimeghairi."

"Watakusema."

"Watanisema. Mimi niko msituni, yatanifikia kidogo kidogo. Wewe huyo mzee utakutana naye kila Idi."

Hapo palihitaji mtu aseme: hapana, kosa ni langu, nitalieleza mwenyewe. Sentensi hiyo naijua. Wanafunzi wangu huiandika kwenye insha zao, na mimi huweka alama ya vema pembeni. Nilisikia viatu vya wanafunzi wakirudi madarasani. Nikasema, "Asante."

"Si kitu," akasema. Akauliza kama Mombasa kuna mvua. Nikamwambia hakuna. Akasema huko kwake imeanza, na njia ya kuteremkia ina utelezi, akaniaga.