Mshono wa Mama Samweli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka kila nikishika mkasi. Kwa kuwa juzi uliniambia unataka kuichukua cherehani yangu nitakapopumzika, nimeona nikusimulie kabla hujakaa kwenye kiti. Najua Kiswahili changu unakielewa vizuri hata kama unanijibu kwa Kizulu. Sikiliza tu, majibu utanipa baadaye kwa lugha unayotaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Uvira, na hapa Johannesburg sikuwa nimemaliza hata mwaka. Kushona nilikuwa najua, sikatai. Ila nilikuwa na kiburi kisicho na mfano. Mtu akipita mbele yangu barabarani, nilitazama kwanza mishono ya suruali yake, ndipo nikamtazama yeye usoni. Aliyenipa kazi alikuwa Mzee Mhina, Msambaa wa Lushoto, mtu mfupi wa sauti ya chini. Alikuwa na mashine tatu katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili pale Joubert Park.

Ghorofa mbili juu yetu aliishi mwanafunzi mmoja wa chuo cha Biblia. Jina lake la kwao lilitushinda kutamka, tukamwita kwa jina la ubatizo, Samweli. Alikuwa Mnaga kutoka Lahe, mji mdogo ulio juu ya milima ya Burma, upande wa mpaka wa India. Siku hizi nasikia Wanaga wa huko wana eneo lao la kujiendeshea mambo. Wakati ule wengi wetu hata jina hatukuwa tumelisikia. Mzee Mhina peke yake ndiye aliyekuwa na habari za nchi ile, kwa sababu baba yake mdogo alipelekwa huko na Waingereza kupigana vita, akarudi na masimulizi ya mvua isiyokatika. Samweli alitueleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba nyumba za kwao zimekaa mgongoni mwa mlima, asubuhi mawingu yakiwa chini yao, na kwamba mvua zikianza barabara hubomoka na mtu hutembea siku mbili kuifikia simu. Mzee Mhina alikuwa akimsikiliza huku anatabasamu, maana Lushoto nako ni milima.

Basi Ijumaa moja, mzee akiwa msikitini, Samweli alinishukia na shuka zito jeusi lenye milia myekundu. Ni vazi la kujitanda mabegani, mama yake ndiye aliyemfumia. Lilikuwa limenasa kwenye msumari wa mlango na kuchanika pembeni, tundu la vidole viwili hivi. Alisema anarudi nyumbani baada ya wiki mbili, kwa mara ya kwanza tangu aondoke miaka minne iliyopita, na aliomba nimzibie lile tundu. Hakuomba kingine chochote.

Tundu nilimaliza kuliziba kabla chai haijapoa. Halafu nikalitandaza shuka mezani, na hapo kiburi changu kikaamka. Lilikuwa limeunganishwa kwa vipande vitatu vyembamba, na mishono yake miwili mirefu imeshonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu mnene, inakwenda kushoto, inarudi kulia, mahali pengine imebana, pengine imelegea. Nikasema moyoni, hii ni kazi ya mtu asiyejua kazi, na akitoka nalo hapa watu watadhani ni yetu. Nikaifumua mishono yote miwili. Ukingo mmoja haukunyooka, nikaupitishia mkasi. Nikaviunganisha vile vipande kwa mashine, nikapiga pasi, likawa safi kama limetoka dukani leo. Ule uzi mwekundu niliutupa kwenye gunia la vipande. Mwanangu, nakwambia ukweli, nilikuwa nikipiga mluzi.

Samweli alikuja Jumatatu. Nilimkabidhi shuka lake huku nikingoja sifa. Akalipokea, akapitisha vidole mahali palipokuwa na mshono, akarudia tena, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Mzee Mhina akaacha mashine yake, akamuuliza kuna nini.

Alitueleza taratibu, na hakupandisha sauti hata mara moja, jambo lililonitesa zaidi. Kwao wanawake hufuma nyuzi zikiwa zimefungwa ukutani upande mmoja na kiunoni mwao upande wa pili, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuwa kipana, na shuka ni lazima liungwe. Mama yake alipomaliza kufuma vile vipande vitatu, macho yalikuwa yameanza kuingia kiza. Aliviunga kwa kupapasa. Ulikuwa mshono wake wa mwisho, na sasa hakuwa anaona kabisa. Siku ya kuagana alimwambia mwanawe kwamba akirudi, yeye mama ataweka kwanza mkono kwenye shuka kabla ya uso, kwa sababu uso wa kijana hubadilika ugenini lakini mshono wake mwenyewe anaujua.

Nikafanya kile anachofanya kila mwenye kosa asiyetaka kukaa nalo, nikakimbilia kuahidi.

"Muzee, nitamushonea ingine," nikasema. "Ya muzuri kupita ile."

Sijawahi kuisahau sauti ya Mzee Mhina siku ile, maana ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Uliombwa uzibe tundu," akasema. "Huo mshono ulimuuliza nani?"

Nikageukia pembe ambako huwa tunaweka gunia la vipande.

Akaniuliza uzi uko wapi. Gunia la vipande lilikuwa limechukuliwa Jumamosi na mtu wa Turffontein, kusini mwa mji, anayejaza mito ya makochi. Mzee akaniambia nivae viatu. Nilipanda teksi, nikashukia karibu na uwanja wa mbio za farasi, nikauliza nyumba kwa nyumba mpaka nikampata. Gunia letu lilikuwa bado limefungwa, limeegemezwa kwenye ukuta wa uani, na magunia mawili ya mafundi wengine yakiwa yamemwagwa tayari. Namshukuru Mungu kwa uvivu wa yule bwana. Nilipiga magoti uani kwake tangu saa nne asubuhi hadi jua lilipoinama, nikichambua kipande kwa kipande, naokota uzi mwekundu, mwingine mrefu kama mkono, mwingine mfupi kama kidole. Mke wake aliniletea chai akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikamwambia nimepoteza kitu cha mama wa mtu.

Niliporudi, mzee alikuwa ameshafumua mishono yangu ya mashine. Akalishika shuka mbele ya dirisha, akaniita. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye vitundu vidogo vilivyoachwa na sindano ya yule mama, vinakwenda kushoto, vinarudi kulia, vyote vipo. Hatukuweza kumpigia simu wala kumwandikia barua ikafika kwa wakati, lakini njia aliyopita mkono wake ilikuwa pale, tundu kwa tundu. Mzee akanipa sindano nene na akarudi kwenye kazi yake.

Nilishona siku tatu. Nilikuwa nimezoea mashine inayokula mita nzima wakati mtu anapiga chafya, na sasa nilikuwa naungaunga uzi uliokatika na kutafuta kitundu kinachofuata. Siku ya kwanza niliona tabu. Siku ya pili nikaanza kumfahamu yule mama. Mahali alipobana nilijua alikuwa na wasiwasi, akapapasa mara mbili. Mahali palipolegea nadhani kuna mtu alimwita, akageuka kuitika. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kushona niliona aibu, na aibu ile ilinisaidia.

Siku ya tatu nikafika kwenye ule ukingo nilioukata. Pale hapakuwa na vitundu, nilivikata kwa mkasi wangu mwenyewe, na uzi wake nao ulikuwa umekwisha. Ilibaki sehemu ya urefu wa mkono hivi. Nikachukua uzi wetu mwekundu wa dukani na nikaanza kuupindisha mshono kidogo, kushoto na kulia, ufanane. Mzee Mhina akaja akasimama nyuma yangu.

"Hapo shona mkono wako," akasema. "Usimwigizie mama wa watu."

Nikafumua nilichoigiza, nikashona kwa mkono wangu, mshono ulionyooka, kama nilivyofundishwa Uvira. Ilionekana wazi kabisa kwamba pale palipita mtu mwingine. Samweli alipokuja kuchukua nilimwonyesha mahali pale kwa kidole, nikamwambia hapa ndipo nilipoharibu na sikuweza kuparudisha. Alipapapasa, akanipa mkono, akaondoka. Hakusema amenisamehe na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Miezi mitano ikapita kimya. Kila nikifungua dirisha lile nilifikiria bibi mmoja mlimani ananyoosha mkono na kukuta mshono wa mgeni. Halafu barua ikaja, imechakaa, imepita mikononi mwa wasafiri wengi hadi kufikia posta. Samweli aliandika kwamba barabara ilikuwa imebomoka na alipanda mlima kwa miguu. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Aliweka mkono begani kwake, akaufuata mshono polepole huku akitaja jina la mwanawe. Alipofika mahali pale akasimama, akauliza nani ameshona hapa. Samweli akamweleza yote, tangu msumari wa mlango hadi uani kwa mtu wa Turffontein. Yule mama akacheka, akairudia sehemu ile kwa kidole. Kisha akasema, mwambie mkono wake ni mzito, lakini hakunidanganya.

Niliisoma barua ile mbele ya Mzee Mhina nikalia kama mtoto, na yeye akajifanya anatafuta chaki ya kuchorea vitambaa.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana mashine itakuwa yako. Mji huu utakuletea watu kutoka kila mlima wa dunia, na kila mmoja atakuja na kitu ambacho machoni pako kimepinda. Muulize kwanza. Ukiombwa kuziba tundu, ziba tundu. Utakosea pia, hilo halina mjadala, wewe ni mtoto wangu na kiburi najua ulikokitoa. Siku hiyo usikimbilie kuahidi kipya. Nenda kaokote ulichotupa, rudisha kinachorudishika, na pale pasiporudishika weka mkono wako wazi na umwonyeshe mwenyewe kwa kidole.

Mungu akubariki katika kiti hiki. Akuletee wateja wanaotoka mbali na akupe subira ya kuwasikiliza. Na siku mkasi wako utakapotangulia akili, akuwekee karibu mtu wa kukuita dirishani, akuonyeshe vitundu.