Nilifiwa Nikishona Nguo za Harusi
Nilifika Mombasa kutoka Kongo nikiwa mjane wa miaka thelathini na minne, bila mtoto, na kazi niliyoijua ni kushona. Mama alikataa kufuatana nami. Alisema, "Nitachunga nyumba. Ukishapata pahali pa kusimama, uniite."

Pahali nilipata mtaa wa Kuze, chumba cha mbele katika nyumba ya bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa akiishi peke yake ghorofani. Siku niliyomwendea, nilimweleza shida yangu kwa Kiswahili cha kwetu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka taratibu.

"Waeleweka, mwanangu. Ila maneno yako yatembea kwa magongo."

Nilinunua cherehani kuukuu mtaa wa Bondeni, nikatundika mlangoni magauni ya kitenge yenye mikono ya kuvimba, kama tunavyovaa kwetu. Wanawake walipita, wakatazama, wakaenda zao. Mwezi mzima. Mwishowe yule bibi aliniletea dera lake, akalitandaza juu ya meza.

"Hili ndilo livaliwalo hapa. Lifumue, ulishone upya, ujue lilivyo."

Nililifumua na kulishona mara tatu. Tangu hapo wateja wakaanza kuja, mmoja akimleta mwenzake, na kila nilipozungumza na mama kwa simu nilimwambia, "Bado kidogo, mama. Acha duka lisimame." Naye hakunisukuma hata siku moja. Aliuliza tu kama ninakula vizuri.

Mwaka wa pili nilipata kazi kubwa: nguo za sare za mama zake wadogo na shangazi zake bibi harusi mmoja, wanawake tisa, kitambaa cha zambarau. Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatano asubuhi kaka yangu mdogo akapiga simu.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "mama ametuacha. Tumeshamzika. Kuna vita barabarani, usijaribu kuja."

Nilisema, "Haya," simu ikakatika, nikarudi kwenye cherehani. Sikuwa shujaa. Sikujua tu mtu anafanya nini akifiwa katika nchi ambayo hakuna hata mmoja aliyemjua marehemu. Nilishona nguo ya nne, ya tano, ya sita. Adhuhuri ikapita.

Yule bibi akashuka ngazi, mkono ukutani.

"Leo hukula. Nasikia cherehani tu tangu asubuhi."

"Sina njaa, mama."

Kila siku nilimwita hivyo kwa heshima. Siku ile, nilipolitamka neno hilo, nililala kifudifudi juu ya kitambaa cha watu. Nilipoweza kusema, nilimwambia. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Wafiwa na mamako, nawe washona nguo za harusi?"

"Wameshamzika, mama. Mimi ni mgeni. Nitalia na nani?"

Alivaa buibui lake akatoka, nami nikajua anakwenda kwa akina bibi harusi. Niliogopa. Nani atataka nguo zilizolowa machozi ya msiba?

Walikuja baada ya alasiri, mama wa bibi harusi mbele, nyuma yake wale wanawake tisa. Nilisimama, nikaanza kuomba radhi kwamba nguo tatu bado, na pindo zote bado. Mama yule akanishika mabega, akanikalisha mkekani.

"Shii. Pindo hata sisi twazijua."

Wakakaa kunizunguka, zile nguo sita mapajani mwao, wakaomba sindano. Mmoja wao aliyekuwa na cherehani kwake akazichukua zile tatu ili akazimalizie. Wengine wakashona pindo kwa mkono, polepole. Walijua mimi ni Mkristo; hawakunisomea dua yao, wala hawakuniambia ninyamaze. Mkubwa wao aliniuliza, "Mamako alikuwaje?"

Nikawaeleza. Kwamba alikuwa mfupi, mkali, mpenda chumvi. Kwamba ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Kwamba aliningoja nimwite, nami nikawa nasema bado kidogo. Hapo nililia kwa sauti, na hakuna aliyeacha kushona.

Ijumaa sikwenda harusini. Vigelegele nilivisikia kutoka chumbani, vichochoro viwili tu kutoka kwangu.

Barabara ilipofunguka, baada ya mwaka na zaidi, nilikwenda nyumbani. Nyumba ilikuwa na watu wengine. Kaka alinipeleka makaburini, akazunguka huku na huku kwenye vilima vya udongo vilivyoota majani, msalaba hata mmoja haukuwepo. Akasimama kati ya viwili.

"Ni hiki, yaya. Au hicho. Tulimzika haraka, risasi zikilia."

Nilipiga magoti katikati ya makaburi yale mawili, mkono mmoja huku, mwingine kule, nikamwambia mama kwamba duka limesimama.