Masikio ya Mdogo Wangu

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mashine yangu naijua kwa sikio. Kazi yangu ni kusaga na kukoboa mahindi Kihonda, kwenye banda la mabati lenye mashine tatu. Aliyenifundisha hakutumia maneno mengi. Alinisimamisha kando ya mota siku nzima, hadi nikaweza kutofautisha mlio wa mkanda uliolegea na mlio wa chekeche linaloanza kuchanika. Ukichelewa kusikia, unga unatoka na chenga, na mteja wa Kihonda ukimpa unga wenye chenga atakutangaza mtaa mzima. Kwa hiyo kwetu watu wa mashine, kuziba masikio kulikuwa sawa na mpishi kukataa kuonja mboga. Bosi wetu, mama mmoja mkali asiyependa maneno na wakaguzi, alitununulia vikinga masikio vya plastiki ngumu, vile vinavyofunika sikio zima. Tulivitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mkaguzi akija tunavivaa, akiondoka vinarudi msumarini.

Nilikuja kujua kwamba nimeharibika siku moja nilipokwenda kwetu Mgeta kumsaidia mama kupanda njegere. Kule milimani mtu hateremki korongo na kupanda tena kwa ajili ya neno moja. Anasimama kwenye shamba lake, anaita, na wa ng'ambo anaitikia. Salamu, habari za msiba, kwamba lori la kabichi limefika, vyote huvuka hivyo. Nimekua nikiitwa kutoka ng'ambo, na sauti ya mama naijua tangu sijaweza kutembea.

Siku hiyo nililima peke yangu upande wa juu, mama akiwa upande wa pili na wifi zake. Nikashangaa kumwona amesimama mbele yangu, kashika kiuno, anahema. Alikuwa ameteremka korongo lote na kulipanda, na magoti yake yale mabovu.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Hujanikosea, mama. Kwani kuna nini?"

"Nimekuita mpaka koo limekauka. Wifi zangu wameniuliza kama mimi na wewe tumegombana."

Kwetu anayeitwa na mama yake akanyamaza ana hasira naye, au mji umempa kiburi. Mama alikuwa amekuja kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamweleza kwamba sikusikia kabisa, hata mara moja. Alinitazama masikio, kwanza moja, halafu la pili, akakaa kwenye tuta.

"Na mwenzio?" akasema.

Mwenzangu ni mdogo wangu wa kike, mtoto wa mwisho wa mama. Nilikuwa nimempeleka mwenyewe kwenye mashine miezi michache kabla, baada ya kumwombea kazi kwa bosi. Nilimsimamisha kando ya mota kama nilivyosimamishwa mimi. Jioni za mwanzo aliniambia masikio yanampigia kelele hata akiwa amekaa nyumbani, nikamjibu kwamba atazoea.

"Wewe umeshapotea," mama alisema, bila ukali. "Huyo niletee akiwa ananisikia."

Nikamwahidi, na ahadi niliyompa mama yangu akiwa amekaa kwenye udongo si ya kuchezea.

Nilianza kwa ujinga. Niliporudi Kihonda nilimnunulia mdogo wangu pamba, nikamsokomezea masikioni mimi mwenyewe, nikajiona nimemaliza. Kisha nikamlazimisha twende wote kupimwa masikio hospitali. Mama mmoja mtaalamu alituvisha kifaa masikioni, mmoja baada ya mwingine, tukawa tunabonyeza kitufe kila tunaposikia mlio. Mdogo wangu alibonyeza na kubonyeza. Mimi nilikaa na kidole changu tayari, nikidhani kifaa kimeharibika.

Mtaalamu alisema yangu yaliyokwenda hayarudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa. Ya mdogo wangu bado mazima, lakini zile kelele za jioni alizoambiwa atazoea ndizo dalili yenyewe. Pamba aliicheka. Akatuuliza kama kazini tunalazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono atusikie. Tukatazamana. Sisi huwa hatupigi kelele hata hivyo, tunaongea kwa mikono. "Basi hapo hapakai masikio matupu," akasema.

Shida ilikuwa mdogo wangu mwenyewe. Alivaa vikinga asubuhi moja, kufika saa nne vimeshateremka shingoni.

"Kaka, nikivaa hivi nitaijuaje mashine? Wewe ndiye ulinifundisha nisikilize."

Bosi naye akaja juu. "Fundi, chekeche likichanika asisikie, mteja anakuja kunitukana mimi au wewe?"

Mimi mtu wa hasira, nakiri, na siku hiyo ilinipanda. Nilimwambia bosi kwamba kama ni lazima mtu asikilize kwa masikio matupu, nitasikiliza mimi, maana yangu yameshaharibika. Nikamwomba siku moja tu ya kujaribu. Jioni ile nilimfundisha mdogo wangu upya kila kitu. Nilimshikisha kiganja kwenye bomba la kutolea unga, ajue linavyotetemeka mashine ikiwa salama. Nikamwambia achote unga kila debe la pili, ausugue kati ya kidole gumba na cha shahada, na pua asiisahau, maana mkanda ukiteleza unanuka.

Kesho yake alivaa vikinga, akafunga kitambaa juu yake ili visiteremke. Mimi nilisimama upande wa pili wa mashine ileile na masikio yangu maarufu, bosi amekaa kwenye mzani anatutazama. Wateja walikuja, mahindi yakamiminwa. Kabla ya saa sita nilimwona mdogo wangu amesimama na unga kidoleni. Akausugua tena. Akainua mkono juu na kuzima mashine.

Nilikasirika. Nilikuwa sijasikia kitu, na nilifungua mashine nikiwa na maneno yangu tayari ya kumwonyesha kwamba amekosea. Chekeche lilikuwa limechanika pembeni, ufa wa urefu wa kucha. Ule mlio mwembamba niliofundishwa kuusikia ulikuwa umelia karibu yangu, nami nimesimama hapohapo kama gogo. Bosi alikuja, akainama, akautazama ufa, akanitazama mimi. Kisha alikwenda nyuma ya mlango, akachukua vikinga vilivyobaki msumarini na kunivisha kichwani kwa mikono yake.

Tangu siku hiyo sikumpa mtu nafasi ya kupumua. Tuling'oa mashine kubwa na kuiweka juu ya vipande vya tairi kuukuu, kwa sababu miguu yake ilikuwa inagonga sakafu mchana kutwa. Kila bati lililokuwa likicheza tulilipigilia. Benchi la wateja nililitoa nje mimi mwenyewe, wakanung'unika, nikawaambia wanune wakiwa wanasikia. Mdogo wangu na mimi tukaanza kupokezana, mmoja mashineni, mwingine nje kwenye mzani. Wenzangu wa mabanda ya jirani walinicheka, wakiniita daktari wa masikio. Mmoja wao siku hizi huja kuniuliza tairi zinakatwaje, na anauliza mara mbili mbili, maana jibu la kwanza halisikii.

Kuna asubuhi mdogo wangu anajaribu kuingia bila vikinga, anasema ana haraka, ni mteja mmoja tu. Nazima mashine. Anasonya, anavivaa, nawasha.

Msimu uliofuata wa njegere tulikwenda Mgeta wote wawili. Nilikuwa nalima upande wa juu, yeye hatua chache kutoka kwangu. Aliinua kichwa ghafla, akatupa jembe, akaweka viganja mdomoni na kuitikia kwa sauti ndefu ya kwetu. Nilitazama ng'ambo. Mama alikuwa amesimama kwenye tuta, akionekana mdogo kwa umbali, anapunga kanga. Kwangu kulikuwa kimya.

Mdogo wangu alinisogelea, akanigeukia uso kwa uso kama alivyozoea sasa.

"Anasema uji umeiva. Halafu anauliza kama ni mimi niliyeitikia."

"Mwambie ni wewe," nikasema. Akamwambia. Ng'ambo ile mama aliketi chini, akafunika uso kwa kanga, na hata mimi nisiyesikia nilielewa kwamba ahadi yangu imemfikia.