Kabla ya Kununua Gari Jekundu, Lala Chini

Jumamosi moja nilimsindikiza jirani yangu hadi mji wa Lackawanna, hapa Marekani, kutazama gari. Ni mama wa Kirundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Siku hizi anahudumia wazee, na mmoja wao, fundi mstaafu, amemwambukiza mapenzi ya magari ya michezo ya zamani ya Kimarekani.

Gari lilikuwa jekundu, la milango miwili, limetuzidi umri sote. Mwenye gari akaliwasha. Likanguruma mpaka kifua changu kikatetemeka.

"Dada, chukua!" nikasema.

 Yeye alitoa sumaku mkobani, akaifunga leso isikwaruze rangi, akaiweka mlangoni. Ikashika. Akaishusha nyuma ya gurudumu. Ikadondoka. Akarudia, ikadondoka tena. Basi akatandika kitenge, akalala chali na gauni lake zuri, akaingiza kichwa uvunguni.

"Mzee, hapa pana chuma kweli?"

Mwenye gari akajikuna shingo. "Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji ilikula chuma. Nikaziba matundu kwa plasta ya mafundi, nikapaka rangi."

Mama akainuka, akakung'uta kitenge. "Injini ikifa, fundi ataifufua. Mifupa ikioza, nitakuwa nimenunua rangi tu. Asante kwa kusema ukweli."

Mwezi uliofuata alipata lingine katika mji wa Westerville, la kijani kilichochujuka, chini chuma kitupu. Juzi alimpakia yule fundi mstaafu, wakazunguka mtaa mzima, mzee kafumba macho akiisikiliza injini.

Wewe unayenunua kwa mara ya kwanza, nenda na mtu wa kulala chini. Sisi wa kushangilia tutakuja wenyewe.