Kibonzo cha Mwenyekiti wa Mwalo

Kila ninaposonga ugali wa muhogo, ukoko unaobaki sufuriani nauloweka. Ukikaa kidogo unalainika, unanata vidoleni, unatoa harufu ya uchachu, na hapo mimi huacha vyombo nikaketi. Mtanisamehe kwa kuanzia jikoni. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu mwaka huu ilikuwa ya kwenda Mwandiga kununua muhogo, na nilirudi nimechoka utadhani nimevuka Kongo kwa miguu. Lakini ukoko ule ndiyo gundi niliyoitumia kumbandika mwenyekiti wetu kwenye uzio, nikiwa darasa la sita.

Shuleni kwetu Ujiji lilikuwa limeletwa boksi la vitabu vya msaada. Kimoja kilikuwa kinene, hakina jalada, kinanuka ghala, na kimejaa picha za wino. Mwalimu wa Kiingereza alitueleza kuwa hivyo ni vibonzo vya magazeti ya Marekani ya karne ya kumi na tisa. Wachoraji wa huko walikuwa wakiwasema wakubwa wao kwa kalamu. Mwanasiasa mmoja alikuwa na kichwa kama tikiti na miguu ya kuku. Mwingine alikuwa tembo aliyevaa koti. Na kila kitu kilikuwa na maandishi: tumboni neno, kwenye mkoba neno, hata mkiani neno. Wenzangu walishangaa, mimi sikushangaa. Bibi yangu alikuwa na sanduku zima la kanga, na hakukuwa na iliyokaa kimya. Nikahitimisha kwamba Wamarekani wa zamani nao walivaa kanga, ila kwao walivaa hadi wanaume na mifugo. Nilitembea na elimu hiyo miaka kadhaa.

Wakati huohuo, mwenyekiti wa mwalo wetu mdogo, pale mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, jina nitamhifadhia, alizungushia uzio wa mabanzi kipande cha ufuko chenye kokoto. Asiyeanika dagaa hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kwenye kokoto dagaa wanakauka safi. Kwenye mchanga wanakauka na mchanga wao, na mnunuzi akitafuna mmoja tu anatema na kuondoka. Mwenyekiti alisema eneo ni la "shughuli maalumu". Shughuli yenyewe ilikuwa dagaa wake. Mama na wenzake wakasukumwa mchangani. Walikwenda kumwomba, akawaambia waje wiki ijayo. Wakaenda wiki ijayo, akasafiri. Jioni mama alikuwa anapepeta dagaa kama mchele, na mimi nikajua sare yangu ya sekondari inapeperuka na vumbi lile.

Basi nikachukua mfuko wa saruji, nikauchana, na kwa mkaa nikachora. Mwenyekiti alikuwa bata mwenye kichwa kikubwa, amekalia dagaa kama mayai. Kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mwaminifu wa Wamarekani, niliandika kila kitu. Juani niliandika JUA. Kwenye uzio, UZIO. Kwenye bata, MWENYEKITI, nikahakikisha hata mimi mwenyewe sina pa kukanushia. Chini kabisa, mahali pa jina la kanga, nikaandika: UMEKALIA CHETU. Alfajiri nikabandika, nikarudi kulala usingizi wa shujaa.

Niliamshwa na vicheko. Nilipofika ufukoni, wanawake walikuwa wameshikilia mbavu. Kisha mwenyekiti akaja, na vicheko vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kwa kweli walifanana, hasa shingoni.

"Nani kafanya hivi?" akauliza. "Nitampeleka polisi. Yeye na mzazi wake."

Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa mkaa hadi kwenye viwiko. Mama akanisogeza nyuma yake. Hapo bibi akapita mbele, kafunga kanga kiunoni.

"Ni mjukuu wangu. Kwani ulikuwa hujui kwamba ukoo wetu na wenu ni watani?"

"Watani? Tangu lini, bibi?"

"He! Siku ya kumzika baba yako, nani aliingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Si mimi? Hamkunipa kuku?"

"Walimpa," akasema mama. "Jogoo mwekundu."

"Hata mimi nilimwona," mwanamke mwingine akadakia. "Alikuwa anawika."

Mwenyekiti akajifuta jasho. "Haya, ni utani. Lakini utani una mpaka."

"Ndiyo, nimeuona mpaka wenyewe, umeujenga kwa mabanzi," bibi akamjibu. "Na mtani akipenda kitu chako anachukua, hulalamiki. Mimi nimependa hili hapa." Akang'oa banzi la kwanza, akaliweka begani, akamgeukia mama. "Mwana wanje, mwanangu, chukua na wewe, tukabandike maharage."

Wanawake wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na banzi lake. Mwenyekiti akacheka, kwanza kwa shida, halafu kweli.

"Chukueni basi, watani! Ila mniachie hata mlango!"

Siku hiyohiyo mama alianika kwenye kokoto. Nami nilitamba mtaani kwamba kibonzo changu kimeangusha serikali.

Nilikuwa kidato cha pili nilipomuuliza mama ule utani wa koo zetu ulianza lini. Alikuwa anafua, akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

"Ulianza asubuhi ile," akasema. "Bibi yako hajawahi hata kufika walikomzika huyo mzee."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko somo lolote nililofundishwa. Mchoro wangu ulimkaba mtu mbele za watu, na aliyekabwa hupigana. Bibi alimfungulia njia ya kutoka huku akicheka, na mwenyekiti, mtu mzima anayewajua watani wake wote, akaipita. Sijui wale wachoraji wa Marekani walikuwa na nani wa kuwakingia kifua. Mimi nilidhani ushujaa ni mkaa wangu. Leo nikikumbuka ufuko ule, simwoni tena bata. Nawaona wale wanawake, kila mmoja akijua kwamba bibi hakuingia kaburi lolote, na hapakuwa na kuku wala jogoo mwekundu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama mwenzake.